Chura wa Yohei

Mwaka ule barua ya Yohei kwa Santa ilikuwa na neno moja tu. Aliliandika kwa kalamu ya kijani, kwa herufi tatu kubwa za Kijapani zilizolewa, ya mwisho ikiwa imegeuka kuangalia ilikotoka: Kaeru. Basi. Hakuna tafadhali, hakuna asante, hakuna hata pole ya safari kwa mzee wa watu anayetoka mbali kwenye baridi. Dada yake Chinami, mwenye miaka minane na adabu za kuwatosha watu wawili, alijaza ukurasa mzima. Alitaka seti ya shanga za kutungia bangili, akataja na rangi, akamalizia kwa kumsihi Santa ajifunge kitu shingoni asije akapata kikohozi.

"Chura," alisoma Bibi Fusae, akaangua kicheko. "Huyu mtoto ana mambo. Wenzake wanaomba magari."

Kayo, mama yao, alizibandika barua zote mbili kwenye mlango wa friji, kama walivyofanya kila tarehe kumi Desemba, akashusha pumzi. Chura lilikuwa jambo jepesi. Kiangazi kilichopita Yohei alifuga vyura watatu kwenye ndoo nyuma ya nyumba, akawapa majina ya walimu wake wa chekechea, na siku walipotoroka alilia mpaka akapandwa na homa. Kwa hiyo hapakuwa na aliyejiuliza mara mbili.

Bibi Fusae alifungua pochi yake akatoa chura wa kauri, mdogo kama punje ya harage. "Mpe huyu wangu, yaishe." Wanawake wengi wa rika lake wanaye wa namna hiyo. Kwa lugha yao chura na kurudi nyumbani hutamkwa vilevile, kaeru, basi chura huwekwa pamoja na pesa ili zikitoka zirudi.

"Mama, huyo ana miaka thelathini humo ndani," Kayo alimwambia mama mkwe wake, "na sijaona hata yeni moja aliyoirudisha."

"Zinarudi, mwanangu. Ila zinapitia kwanza kwa muuza mboga."

Walicheka, wakamrudisha chura kwenye pochi, na mambo ya kicheko yakaishia hapo. Kayo alikuwa na kiapo chake. Mwezi wa Aprili kampuni ilimhamisha mumewe, Morio, ikampeleka Sendai, kaskazini huko, peke yake, kama mtu anavyohamisha kabati na kuacha nguo. Mke, watoto na mama yake walibaki Okayama. Nauli ya kuja nyumbani kampuni ilimlipia mara moja kwa mwezi, na ile ya Desemba alikuwa ameshaiweka kwa ajili ya Mwaka Mpya. Angefika tarehe ishirini na tisa. Hii ndiyo ingekuwa Krismasi yao ya kwanza bila yeye, na Kayo alijiapiza kwamba watoto hawataona pengo: mti, kuku, keki, zawadi kando ya mto wa kulalia, kila kitu kiwe vilevile. Alichokiogopa si machozi yao. Aliogopa wasije wakazoea.

* * *

Jambo jepesi likageuka zito kwenye duka la kwanza la vitu vya kuchezea.

Msichana wa dukani, kofia nyekundu kichwani, alimsikiliza kwa heshima zote, akaenda stoo, akarudi mikono mitupu. "Samahani sana, mama. Vyura tunauza Juni, msimu wa mvua. Sasa hivi tuna dubu, tuna pengwini, na tuna dubu aliyevaa kama pengwini."

Duka la pili lilikuwa na chura wa mpira wa kuchezea bafuni, mdogo kuliko sabuni. La tatu walimwambia aagize, atafika Januari. Mficha uchi hazai, kwa hiyo Kayo aliendelea kuuliza, akitoka kazini na harufu ya mafuta mwilini, maana alifanya kazi kwenye kaunta ya vyakula vilivyopikwa ya supamaketi, upande wa vikaango. Jioni moja alijikuta amesimama mbele ya duka la dawa la mtaani kwao, akimtazama yule chura mkubwa wa plastiki anayesimama mlangoni miaka yote, mwenye rangi iliyobabuka na tumbo mbele. Alikuwa anakadiria tu kama angeingia kwenye kikapu cha baiskeli. Mwenye duka, mzee mwenye miwani, alichungulia nje.

"Huyo hauzwi, mama," alisema taratibu. "Wewe ni wa tatu kumtamani mwaka huu. Wale wawili walikuwa walevi."

Kayo aliinama mara tatu kuomba radhi, akapanda baiskeli, na uso ulimwaka mpaka darajani.

Hatimaye chura alimwona kupitia kioo. Alikuwa ndani ya mashine ya kucha za chuma, kwenye jumba la michezo karibu na stesheni, zile ambazo unatumbukiza sarafu ya yeni mia, unaongoza kucha, nazo zinashuka, zinakumbatia unachokitaka na kukiachia papo hapo bila haya. Alikuwa mkubwa kama sufuria la umeme la kupikia wali, wa kijani, jicho moja likitazama mbele na la pili darini. Kayo alitumbukiza sarafu. Akatumbukiza nyingine. Akaenda kuvunja noti, akarudi, na jumla yake hajamwambia mtu mpaka leo. Nyuma yake walikuwa wamejikusanya vijana watatu wa sekondari, wakimwangalia kwa uchungu kama watu wanaotazama timu yao ikifungwa.

"Shangazi, usimshike kichwa," mmoja alishindwa kuvumilia. "Msukume mguu."

Hakuwa ameitwa shangazi na mtu asiye wa ukoo tangu azaliwe. Aliusukuma mguu. Chura aliyumba, akakaa. Mwishowe mhudumu wa jumba alikuja na ufunguo, akafungua kioo bila kumtazama usoni, akamsogeza chura mpaka ukingoni kabisa mwa shimo, akafunga, akaenda zake. Sarafu iliyofuata ilimwangusha. Kayo alimwinamia mhudumu, akawainamia wale vijana, na kwa mazoea tu akaiinamia na mashine.

* * *

Jumapili Morio alipiga simu kama kawaida, na Kayo alimsimulia mkasa wote, duka kwa duka, mpaka jicho la darini. Alitaka asifiwe. Alikuwa amemtafuta chura wakati wa theluji, akampata, na kiapo chake kilikuwa kimesimama.

Morio alicheka palipohitaji kicheko, kisha akauliza, "Hasa hasa ameandika nini? Nisomee."

"Kaeru."

"Basi?"

"Basi. Hata tafadhali hakuna."

Kayo alisikia kiti kikisogezwa upande wa pili, halafu Morio akasema ana faili za kumaliza, atapiga tena. Alikata. Kayo alibaki ameishika simu, na kusema kweli iliuma. Mtu akiwa mbali, aliwaza, hata vyura wanaacha kumhusu.

* * *

Tarehe ishirini na nne alikaanga kuku wa nyumba za watu tangu asubuhi hadi mikono ikanuka hata baada ya sabuni mara mbili. Saa kumi na mbili jioni alikuwa nyumbani na boksi la kuku wa nyumba yake mwenyewe na keki aliyoiagiza tangu Novemba, nyeupe, yenye stroberi juu na Santa mdogo wa sukari katikati. Yohei alimnusa apuroni, akasema, "Mama unanukia Krismasi," na Kayo akaona uchovu umepungua nusu.

Kila kitu kilikwenda kama kilivyotakiwa kwenda. Kipande cha kwanza cha keki alipewa Babu, kwenye kabati lake dogo la marehemu, kati ya ubani na picha yake aliyonuna. Bibi Fusae aligonga kengele, akafumba mikono, akamwambia mumewe kwamba keki ya mwaka huu ina krimu nyingi, ale polepole. Kisha wakafikia mambo ya Santa wa sukari.

Santa huyo hagawanyiki, na nyumbani kwa akina Nishimori aligombewa kwa mikono: ngumi ni jiwe, kiganja ni karatasi inayolifunika jiwe na kulishinda, vidole viwili ni mkasi. Walicheza watatu, watoto wawili na baba yao. Morio kila mwaka alitoa jiwe. Hakuwahi kutoa kingine. Watoto walilijua hilo, kwa hiyo raundi ya kwanza wote walitoa karatasi wakamtoa nje, naye alijiangusha chali mkekani akilalamika kwamba ameonewa, na hapo ndipo vita vya kweli vilipoanza.

"Haya, wawili," Kayo alisema kwa furaha aliyoipika. "Moja, mbili..."

Chinami alitoa mkono. Yohei aliuficha wake mgongoni.

"Watu hawajatimia," alisema.

Kayo alimkumbusha kwa upole kwamba Baba atakuja tarehe ishirini na tisa, bado siku tano tu, na kwamba keki haiwezi kungoja siku tano.

"Nimeandika," alijibu Yohei, kama mtu mwenye risiti mkononi.

Kayo alitabasamu, akiwaza chura aliyejibana kabatini nyuma ya mablanketi. Santa wa sukari aliwekwa kwenye kisahani, akapelekwa kwa Babu amlinde, na watoto wakaenda kulala mapema kuliko walivyoambiwa.

* * *

Asubuhi Chinami alipiga ukelele mmoja wa shanga, akaanza kuzipanga rangi papo hapo. Yohei alimkuta chura kando ya mto wake, ameketi, jicho moja kwake na jingine kwa Mungu. Alimtazama kitambo. Akamkumbatia kama unavyomkumbatia mgeni uliyeambiwa umkumbatie.

"Asante, Santa," alisema kwa sauti ya chekechea, akainuka, akatoka chumbani.

Kayo alimfuata akamkuta amechuchumaa mlangoni, pale pa kuvulia viatu. Alikuwa anavihesabu kwa kidole: vya Mama, vya Bibi, vya Dada, vyake. Alifungua na kabati la viatu, akainama kuchungulia rafu ya chini.

"Unatafuta nini, baba?"

"Viatu vya Baba." Alifunga kabati vizuri, bila kubamiza. "Santa hajui kusoma. Nimemwandikia kaeru, ameleta kaeru."

Kayo alisimama pale, miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi. Watu wazima huyaandika maneno hayo mawili kwa alama tofauti, na wala hawakosei. Mtoto wa miaka mitano ana herufi zake tatu tu. Yohei hakuwa ameomba chura. Alikuwa ameandika kwamba Baba anarudi nyumbani, na nyumba nzima ikamsoma ikacheka, ikaenda dukani.

"Mimi nilijua," Chinami alisema kutoka nyuma, mkononi uzi wa shanga.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ulimwambia Bibi nauli ni ghali. Nikaona chura ni rahisi."

Kayo alizikumbuka zile sarafu. Bibi Fusae, aliyekuwa amesikia yote, alifungua pochi yake akamtazama yule wa kauri, akafunga. Alisema yeye ndiye mjinga mkubwa, maana ametembea na jibu kwapani miaka thelathini. Lakini Krismasi si sikukuu ya serikali, kaunta ilikuwa inangoja, na Kayo alijiona mama aliyeshindwa huku akitafuta soksi. Alimpigia Morio. Simu haikupokelewa. Alimwandikia maneno mawili, *Hakuwa chura*, akapanda baiskeli.

* * *

Hakuna siku inayozeeka haraka kama tarehe ishirini na tano Desemba. Saa kumi jioni meneja alikuwa ameshapanda ngazi kung'oa riboni nyekundu na kuning'iniza matawi ya msonobari ya Mwaka Mpya, na Kayo alipewa karatasi za stika za nusu bei abandike kuku wote na keki zote zilizobaki. Alibandika bila kuinua macho. Simu mfukoni mwake ilikaa kimya siku nzima. Mwisho wa zamu alinunua keki moja ambayo stroberi zake zilikuwa zimelalia upande, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya.

Alifungua mlango wa nyumbani akavikanyaga.

Viatu vyeusi vya kiume, vikubwa, kimoja kimelala ubavu. Kayo aliinama akakigusa. Kilikuwa bado na baridi ya nje.

Morio alikuwa ameketi kwenye meza fupi yenye blanketi na joto chini yake, na suti mwilini, Yohei goti moja, chura goti la pili. Mbele yake palikuwa na boksi la keki lenye stika ya nusu bei, la dukani stesheni. Alilitazama boksi la mkewe, akatazama lake.

"Tumeoana kweli," alisema.

"Ulipata ujumbe wangu?"

"Nikiwa kwenye treni tayari."

"Sasa ulijuaje?"

Morio alijikuna shingo. Hakuwa msemaji, na hilo swali lilimtaka aseme. "Siku ile uliponisomea, sikusikia chura, Kayo. Mtu aliye mbali hasikii chura."

Kayo alimpiga begani kwa apuroni iliyokunjwa, kisha akalia kidogo akisingizia vitunguu, na nyumba ile haikuwa na kitunguu hata kimoja jioni hiyo. Morio akaendelea haraka haraka kumsimulia alivyomwendea mkubwa wake wa kazi na kumwambia, "Mwanangu ameandika kaeru," na mkubwa akamuuliza wanamfugia wapi. Ilibidi aeleze mara tatu, ofisi nzima ikisikia, wengine wakijifanya wanapiga chapa. Mara ya tatu mkubwa, ambaye naye aliwahi kukaa miaka tisa mbali na wanawe, alipiga mhuri kwenye fomu ya ruhusa bila kuinua kichwa: nusu siku ya leo, nusu siku ya kesho. Kesho asubuhi angerudi Sendai kwa treni ya kwanza. Nauli ilikuwa ya mfukoni mwake, na mfuko huo usitegemewe mpaka Februari.

Hivyo Krismasi ililiwa mara ya pili, kwa keki mbili zilizochoka, na Babu alipata vipande viwili. Santa wa sukari alirudishwa mezani. Watu walikuwa wametimia. Moja, mbili, tatu: Morio alitoa jiwe. Chinami alitoa karatasi. Yohei, aliyejua tangu akiwa na meno mawili kwamba baba yake hutoa jiwe, naye alitoa jiwe, akaliweka kando kabisa ya la baba yake, ngumi kwa ngumi.

"Umeshindwa makusudi," Chinami alimwambia.

"Sijashindwa," alisema Yohei.

Chinami alimng'ata Santa kichwa, akafikiri, akampa mdogo wake mwili na baba yake miguu.

* * *

Ni desturi ya Bibi Fusae kila jioni kuvigeuza viatu vya mgeni au msafiri vitazame mlango, ili mwenye kuondoka atumbukize miguu tu na kwenda. Jioni ile alivigeuza vya mwanawe kama kawaida. Alfajiri Morio aliposhuka na mkoba wake alivikuta vimegeuzwa tena, vidole vikitazama ndani ya nyumba, na chura ameketi juu ya vyote viwili kwa uzito wake wote. Yohei alikuwa amesimama kando, pajama imepanda hadi magotini, nywele zimesimama.

"Nenda naye," alisema.

"Yohei, Baba anapitiliza ofisini," Kayo aliingilia. "Chura ni wako. Santa amekuletea wewe."

"Nimeshamtumia. Sasa Baba amtumie." Alimtazama mama yake kwa subira, kama anayemfundisha mtu mzima herufi. "Ni kaeru."

Morio alimtazama chura, akaitazama suti yake. Kayo alijua anachokiona mumewe: behewa limejaa wanaume wa tai nyeusi, kisha ofisi ileile iliyosikia habari mara tatu, na yeye akiingia saa sita mchana na mnyama wa kijani ukubwa wa sufuria. Alimhurumia. Alifungua kabati akatoa mfuko mkubwa wa karatasi.

"Mtie humu, hataonekana."

"Acha," Morio alisema. "Humo hataona njia."

Alivigeuza viatu mwenyewe, akavivaa, akambana chura kwapani. Ilikuwa siku ya takataka, na majirani walikuwa nje na mifuko yao. Walimwinamia Morio wakimtakia safari njema, naye akawainamia, na kila alipoinama chura aliinama pia. Hakujaribu kumfunika. Alikwenda hivyo mpaka kwenye kona ya duka la dawa, chura ametazama alikotoka, jicho moja juu na jingine nyumbani.

Yohei alisimama mlangoni akipunga mkono mpaka mwisho. Kayo alimwinamia akamwambia Baba haoni, ameshawapa mgongo.

"Simpungii Baba," alisema Yohei. "Nampungia mwenye kazi ya kumrudisha."